Tuwaandike Waliotufungulia Njia ya Anga

Sisi tukaao Gatumba, kati ya uwanja wa ndege wa Bujumbura na mpaka wa Kongo, twaishi karibu na ndege kuliko Warundi wengi. Hata hivyo, mtoto wa shule akiulizwa ni nani aliyetangulia kuruka juu ya ziwa letu, hana jibu. Na mara nyingi baba yake hana pia. Huu ni upungufu wetu sote, na yafaa tuuondoe mapema.

Safari za angani katika eneo hili zilianza kwa vita. Mwaka 1916, miaka 13 tu baada ya ndugu wawili Wright kurusha ndege yao huko Marekani, Wabelgiji walileta ndege nne za majini, aina ya Short, ili kuwapiga Wajerumani katika Ziwa Tanganyika. Zilifika Matadi kwa meli, kisha zikapelekwa bara kwa reli na kwa mito. Mawimbi ya Tanganyika yalikuwa hatari kwao, hivyo kituo kikawekwa penye maji matulivu ya Tongwe, ng'ambo ya magharibi. Huko ndiko rubani Aimé Behaeghe alikoruka mwezi Mei, na mwezi Juni akaishambulia Kigoma, ilipokuwapo meli ya vita Graf von Götzen. Kabla ya mwaka kwisha alifariki huko Niemba, Kongo. Meli ile, iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe, iliopolewa mwaka 1924, ikaitwa Liemba.

Baada yake alikuja Edmond Thieffry, mwanasheria aliyekuwa rubani wa vita. Tarehe 12 Februari 1925 aliondoka Brussels na wenzake wawili kwa ndege ya injini tatu, wakafika Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, baada ya siku 51. Mwaka 1929, alipokuwa akichunguza njia za ndege za ndani ya Kongo, ndege yake ilianguka karibu na Ziwa Tanganyika, akafa. Shirika la Sabena lilipofungua safari zake za Kongo mwaka 1935, ndege iliyotangulia ilipewa jina lake. Ndivyo wenzetu walivyomkumbuka mtu wao.

Wapo watakaosema kuwa hao walikuwa watumishi wa ukoloni, na kwamba hatuna sababu ya kuwasifu. Ukoloni hatuusifu. Lakini wahenga walisema: Mgala muue na haki yake umpe. Ushujaa wa mtu aliyeruka juu ya misitu isiyo na uwanja wa kutua haupungui kwa sababu ya bendera aliyoitumikia.

Tena haki hiyo ina upande wa pili. Masanduku ya ndege zile hayakujibeba yenyewe kutoka Matadi hadi ziwani. Katika masimulizi ya Tongwe majina ya marubani tunayasoma. Majina ya Waafrika waliopakua na kubeba ni nadra kuyaona. Hilo ni kosa la waandishi wa zamani, nasi hatuwezi kulisahihisha lote. Lililo baya zaidi ni kwamba twaelekea kulirudia kwa watu wetu wenyewe.

Mwaka 1971 nchi yetu iliunda shirika lake la usafiri wa anga, STAB, lililoanza kwa ndege za DC-3. Mwaka 1975 likaitwa Air Burundi, na mwaka 2009 likaacha kuruka. Mwaka 2021 ikaundwa kampuni mpya, Burundi Airlines. Ndege hununuliwa kwa fedha, lakini ujuzi wa fundi aliyezoea joto na vumbi la bonde la Rusizi hauuzwi dukani. Mafundi hao, pamoja na marubani, wahudumu na wapakiaji mizigo wa miaka ile, wanazeeka, na kila mmoja anapozikwa tunazika pamoja naye mafunzo yasiyoandikwa popote.

Hapa Gatumba hatari ni kubwa zaidi. Mafuriko ya Rusizi ya Aprili 2020, na mengine yaliyofuata, yaliwahamisha maelfu ya watu. Maji yaingiapo nyumbani mtu huokoa watoto na godoro. Picha na vyeti vya zamani huachwa vikaoza. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo twatoa rai tatu. Kwanza, kila aliye na picha, tikiti au daftari la safari za zamani avitolee nakala, na nakala hiyo aiweke mahali pa juu, mbali na maji. Pili, walimu wawaalike wazee hao shuleni, na wanafunzi waandike majina na kazi zao. Tatu, uwanja wetu, ambao tangu 2019 wabeba jina la Rais Melchior Ndadaye, utengewe chumba kimoja cha historia, ambamo Behaeghe na Thieffry watakaa ukutani pamoja na fundi wa Kirundi wa DC-3.

Tangu chuo cha makadeti tulifundishwa kuwa kikosi kisichotunza kumbukumbu za waliokitangulia hurudia makosa yao. Wazee wangali hai, na kalamu tunazo. Tuanze sasa, kabla mvua za masika hazijarudi.