Usinitilie Mchanga Kitumbua Changu

Msomaji mpenzi, tulia usome bila wasiwasi. Leo nataka tuzungumze juu ya ule mchezo wa runinga uitwao Game of Thrones, na mwenzake House of the Dragon uliokuja baadaye. Lakini nakuahidi kwamba katika safu hii hutasikia nani kafa, nani kaoa wala nani kakalia kiti cha enzi. Kama hujaona hata kipindi kimoja, utafika mwisho wa ukurasa ukiwa hujui zaidi ya kwamba mna majoka yanayoruka na kutema moto, na hilo hata mabango ya matangazo yalilionyesha. Ninayetaka kumsema leo si joka. Ni yule jirani yako anayepasua mbarika Jumatatu asubuhi kabla hata chai haijapoa.

Sisi wa Miritini jambo hili hutugusa kwa namna ya pekee, na sababu ni saa zetu za kazi. Mtaa huu haulali. Barabara kuu ya Nairobi inapita hapa na malori yake usiku kucha. Bandari ya Kilindini iko karibu na zamu zake, na tangu reli mpya ilipozinduliwa Mei 31, 2017, stesheni ya Mombasa ya Madaraka Express iko papa hapa. Kuna nyumba ambazo watu wake hawakutani mezani siku tatu mfululizo: baba yuko zamu ya usiku, mama yuko kiwandani Changamwe mchana, kijana yuko chuoni, na anayebaki kumwagilia mchicha ni bibi peke yake.

Sasa itazame ratiba. Game of Thrones ulianza Aprili 17, 2011 ukaisha Mei 19, 2019, misimu 8, vipindi 73. Msimu wa mwisho ulikuwa na vipindi 6 tu, kimoja kila Jumapili saa tatu usiku kwa saa za New York. Kwetu hapo ni Jumatatu tayari, saa kumi alfajiri, na M-Net ikawa inakirusha wakati huo huo. Utaratibu ukawa huo huo House of the Dragon ulipoanza mwaka wa 2022. Saa kumi alfajiri, msomaji, wengine wanajiandaa kwa swala, wengine ndio kwanza wanatoka kazini macho yamewavimba, na wengi wamelala fofofo. Ikifika saa moja, matatu za kutoka Mazeras zinapopita hapa kwenda mjini, mna makabila mawili ndani ya gari moja: waliokwisha kuona na ambao bado.

Na aliyeona ni nani? Ni mwenye dishi, mwenye kulipia kifurushi cha juu, mwenye kazi inayomruhusu kukesha na kusinzia ofisini. Ambaye bado ni mlinzi wa geti, ni kuli, ni mwanafunzi anayengoja jioni ili kijana wa duka la sinema amtilie kipindi kwenye flashi. (Mwenye sheria anisamehe. Sisemi ni halali, nasema ndivyo ilivyokuwa.) Kwa hiyo anayemwaga mtama asubuhi mara nyingi humwagia mtu mwenye pesa chache na nafasi finyu kuliko yeye. Mwenzake amengoja wiki nzima starehe ya saa moja, naye anamnyang'anya kwa maneno matatu, tena akicheka. Ndiyo sababu siuiti huu utani. Kitumbua cha mtu ni kimoja, nawe unakitia mchanga akiwa anakipeleka kinywani.

Labda utauliza mbona zamani hatukuwa na ugomvi huu. Tulikuwa na sinema za Kihindi, tukawa na za karate kwenye vibanda vya video, na hakuna aliyemshika mwenzake shati kwa sababu kamwambia mwisho. Jibu ni jepesi: mwisho tuliujua sote. Kila mtoto aliyelipa kiingilio kwenye kibanda alikuwa na kanuni moja kichwani, kwamba stelingi hafi. Apigwe, afungwe kamba, atupwe baharini, atarudi. Hata hawa wafasiri wetu wa filamu, DJ Afro wa hapa Kenya au Lufufu wa Dar es Salaam, walipoongezea chumvi na kumpa adui majina ya ajabu, hawakukuharibia kitu. Ulikwenda kuona stelingi atashindaje, si kama atashinda.

George R.R. Martin, aliyeandika vitabu vilivyozaa mchezo huu, aliivunja kanuni hiyo. Kwake hakuna aliyekingwa. (Nimekwisha kusema mengi, naishia hapo.) Na maadamu yeyote anaweza kuondoka wakati wowote, jina moja tu likisemwa kwa sauti kwenye kituo cha matatu linatosha kuua saa nzima ya mtu. Mchezo wenyewe ndio uliotuletea ugonjwa huu.

Lakini watu hao hao wametupa pia mfano wa adabu ambao sijaona mwingine wa kuushinda. Kitabu cha tatu cha Martin kilitoka mwaka wa 2000. Ndani yake mna karamu moja, nami sisemi ya nani wala ilikwendaje. Karamu hiyo ilionyeshwa kwenye runinga Juni 2, 2013. Hesabu mwenyewe: miaka 13. Waliosoma kitabu walikaa na jambo hilo kifuani, wakaketi sebuleni pamoja na wake zao, waume zao na marafiki zao waliotazama msimu wa kwanza, wa pili, wa tatu, na wengi wao wasitamke neno. Baadhi walifanya ujanja. Jioni ile walificha kamera pembeni, wakawapiga picha wenzao wakati mambo yanatokea. Picha hizo zikasambaa duniani: mtu kajiziba mdomo, mwingine kasimama juu ya kochi, mwingine analia kama kafiwa. Ukizitazama huambiwi chochote cha hadithi. Unaona nyuso tu. Baadaye baa moja ya Chicago ikawa inapiga picha wateja wake kila kipindi kinapoonyeshwa, na watu wa mbali wakawa wanatazama wateja wa baa wakitazama runinga! Usicheke. Kuona mwenzako akishtuka pale uliposhtuka ni nusu ya utamu wa hadithi, na nusu hiyo huipati ukiwa umemwambia.

Najua wazee wanaosoma safu hii wameanza kutikisa kichwa. Watasema: mbona Fumo Liyongo tunajua anavyokufa, na bado tunasikiliza? Kweli. Kila aliyepita darasani anajua habari ya sindano ya shaba, ya kitovu, na ya mwana aliyetumwa kumuua babake. Utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka wa 1913 unasomwa hadi leo na watu wanaoujua mwisho wake kuliko wanavyojua namba zao za simu. Nao wazee wana mashahidi wasomi. Mwaka wa 2011 watafiti wawili wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa watu hadithi fupi 12 wasome, baadhi wakiwa wameelezwa mwisho kabla ya kuanza. Walioelezwa, kwa wastani, walizifurahia zaidi.

Siupingi utafiti huo. Ila nauliza: bibi alipokusimulia kwa mara ya kwanza, alianza na mwisho? La hasha. Alikuchukua polepole, akasita pale pale unapotaka kujua, akageuza mkaa, akakuacha unamsihi. Mtoto mkubwa aliyeijua hadithi akitaka kuropoka alifinywa sikio. Mara ya pili na ya kumi mlidai ile ile, na kila mmoja alijua atakalosema sungura, na utamu ulikuwepo, lakini ni utamu mwingine. Mtu anaweza kurudia hadithi mara mia. Kuisikia bila kuijua hupewa mara moja tu. Halafu watu wa San Diego waliwapa wasomaji hadithi fupi, za kukaa na kumaliza. Hawakumpa mtu miaka minane, kila Jumatatu, kisha wakamwambia.

Haya, tuzungumzeje basi, maana kunyamaza kabisa nako hakuwezekani? Mtu akiona jambo kubwa lazima aseme na mtu. Hapa ndipo ninapowashangaa watu wa pwani. Sisi ndio wenye mafumbo. Mwanamke wa Mombasa anaweza kuvaa leso akapita mbele ya nyumba ya mbaya wake, akamwambia kila kitu bila kufungua kinywa. Watu wenye kipaji hicho wanashindwaje kuzungumza juu ya mchezo wa runinga bila kutoboa?

Kinyozi mmoja hapa Miritini ana kanuni ambayo ningependa iigwe. Mteja akiingia akataja mchezo, swali la kwanza ni, "Umefika ya ngapi?" Anayejibu nambari ndogo kuliko wenzake ndiye anayeongoza mazungumzo. Wote wanarudi nyuma hadi alipo, na hakuna kwenda mbele yake hata hatua moja. Yeye akibashiri, wengine wanakaa na nyuso kavu kama wacheza karata. Nimekaa pale nikanyolewa, nikamsikia kijana mmoja akieleza kwa dakika kumi jinsi mambo yatakavyokwenda, na wanaume watatu waliojua kwamba kila neno lake ni kosa wakimsikiliza kwa heshima. Mmoja aliuma taulo.

Kuna jambo moja ambalo hata wenye nia njema hulikosea. Ukimwambia mtu, "Usijali, mwishoni utafurahi," umekwisha kumwambia. Ukimwambia, "Ngoja dakika ya mwisho," atakaa dakika hamsini akingoja hiyo moja. Hata kumwangalia usoni kwa shauku eneo fulani linapokaribia ni kumtobolea. Ukitaka kusifu, sifu kwa jumla: kimenikosesha usingizi, tafuta nafasi utazame, ukimaliza nipigie. Inatosha.

Kuhusu muda wa kunyamaza, watu huniuliza. Mimi naona aliye na dishi nyumbani akapuuza wiki nzima hana haki ya kulalamika. Lakini aliye safarini au zamuni angojwe mpaka aseme mwenyewe kwamba ameona. Na kwa wazazi, nyongeza ndogo: huu si mchezo wa watoto. Una damu, una na utupu, na wala haufai kutazamwa sebuleni mkweo akiwa amekuja kuwajulia hali.

Nina kisa kimoja cha hapa hapa. Ndugu wawili, mkubwa dereva wa lori la masafa marefu, mdogo mwanafunzi wa chuo, walipishana miaka tisa na hawakuwa na mengi ya kuzungumza ila mchezo huo. Walikuwa wameutazama pamoja tangu msimu wa pili. Aprili 2019, baada ya kipindi cha pili cha msimu wa mwisho, mkubwa akapakiwa mzigo wa Juba. Mdogo akaapa kungoja. Kile kipindi cha vita vya usiku cha Aprili 29, cha dakika 82, kikapita. Dunia nzima ikalalamika kwamba kina giza, watu wakadhani runinga zao zimeharibika, naye hajui giza la nini. Alijitoa kwenye makundi matatu ya WhatsApp. Ndani ya matatu aliziba masikio kwa muziki. Vipindi vinne vilikaa kwenye flashi ndani ya kabati chini ya nguo.

Kaka mtu hakuwa na bahati. Kwenye foleni ya malori Malaba, dereva wa lori la nyuma alimpigia kelele kutoka dirishani, akamwambia yote mawili: nani na vipi. Hakuulizwa, alikuwa anatafuta mtu wa kuongea naye.

Aliporudi Miritini mwishoni mwa Mei alimkuta mdogo wake ameazima runinga kubwa, kanunua soda na mahamri, na simu kaiegemeza kwenye birika imtazame kaka. "Nataka nione uso wako," alisema. "Mimi mwenyewe sijaona, lakini nataka tuone pamoja."

Kaka mtu alifikiri kidogo akiwa bado na vumbi la safari. Kisha akaketi. Kila palipokuwa pa kushtuka alishtuka. Aliruka, akashika kichwa, akamwita mamake. Aliniambia kwamba kazi ya kuendesha tani ishirini na tano kwenye mteremko haijawahi kumchosha kama usiku ule. Picha ile ingalipo kwenye simu, na mdogo mtu huwaonyesha wageni. Mimi nimeionyeshwa, na wallahi ningekuwa mwajiri wa waigizaji ningemchukua.

Mdogo hajui hadi leo. Kaka mtu kaniruhusu kuyaandika kwa sharti nisitaje majina, na kwa sababu, asema, kijana huyo husoma kurasa za michezo tu.

Barua zenu naendelea kuzipokea. Mnaotaka kuniandikia juu ya House of the Dragon, tafadhalini andikeni juu ya bahasha mmefika msimu gani na kipindi cha ngapi, ili nijue nifungue ipi sasa na ipi niiweke. Mimi niko msimu wa kwanza, kipindi cha saba.