MGUU WA MCHEZAJI NI CHOMBO CHAKE CHA KAZI



Shabana iliporudi Ligi Kuu mwaka 2023, baada ya miaka 17, sisi wa Mosocho tulishangilia mpaka sauti zikakauka. Mabao tuliyahesabu. Mishahara ya wafungaji hakuna aliyeiuliza. Lakini mchezaji wa kulipwa ni mfanya kazi kama sisi, tena miaka yake ya kazi ni michache mno. Fundi wa reli mwenye miaka 35 ndiyo kwanza ameijua kazi. Mchezaji wa umri huo huambiwa ni mzee.

Mtazameni McDonald Mariga. Alizaliwa 1987, akaenda kucheza Sweden, kisha Parma ya Italia, na mwaka 2010 akachukuliwa na Inter Milan. Tarehe 22 Mei mwaka ule alikuwa benchi huko Madrid, Inter ilipoifunga Bayern München 2–0 na kutwaa Kombe la Mabingwa wa Ulaya. Umri wake miaka 23! Baadaye majeraha yakamwandama, akawa wa kuazimwa klabu hii na ile. Novemba 2019, akiwa na miaka 32, alikuwa akigombea ubunge wa Kibra, wala hakuupata. Na huyo alifika juu kabisa. Je, kijana wetu ambaye goti lake huharibika kabla jina lake halijaandikwa gazetini?

Wachezaji wa Uingereza zamani walikatiwa mshahara usiozidi pauni 20 kwa juma, hata uwanja ukijaa pomoni. Lakini walikuwa na chama, na kiongozi wao alikuwa Bwana Jimmy Hill. Walipokaza nia ya kugoma, waajiri wakakiondoa kikomo hicho Januari 1961. Mara Fulham ikamlipa Johnny Haynes pauni 100. Miguu ilikuwa ile ile.

Hapa Kenya wachezaji nao wana chama, KEFWA. Tena iko Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, ambayo fidia yake ya ulemavu wa kudumu hupimwa kwa mapato ya miezi 96. Basi wazazi, mwana akiletewa karatasi na klabu, isomeni pamoja naye kabla hajatia sahihi. Tafuteni palipoandikwa kwamba yeye ni mwajiriwa, mshahara wake ni kiasi gani, na nani atamlipa daktari. Kama hapakuandikwa, irudisheni iandikwe.