Mpunga wa Madibira Haukuzima Taa

Kila Mtera inapokauka, Madibira hupandishwa kizimbani. Mashtaka ni yaleyale tangu nikiwa mtoto: wakulima wa mpunga wa Mbarali wanayamaliza maji ya Ruaha Mkuu, Mtera inabaki matope, Kidatu inapunguza uzalishaji, Dar es Salaam inaingia gizani. Ni maneno rahisi kuyasema jukwaani, ndiyo maana yamedumu. Naamini si ya kweli, na yametugharimu zaidi ya giza.

Nianze na yale ambayo sisi watu wa bondeni hatupendi kuyasikia. Skimu ya Madibira, yenye takriban hekta 3,000, hunywa Mto Ndembera. Ndembera hutiririkia Ihefu, na kutoka Ihefu Ruaha Mkuu huingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Tangu 1993 mto huo umekuwa ukikatika kiangazi. Viboko hubanana kwenye madimbwi, samaki hufa. Mifereji ya Usangu ina sehemu yake ya lawama, kwa kuwa mingi huachwa wazi hata baada ya mavuno. Lakini ulizeni kwa nini. Kwa kaya nyingi za bonde hili mfereji ndio bomba. Ukiufunga Septemba umefunga maji ya kunywa, ya kufulia na ya mifugo.

Hilo ni tatizo la kiangazi, na wanaoumia ni viboko na wanakijiji. Tatizo la mitambo ni jingine. Mtera hujazwa na mafuriko ya msimu wa mvua, wakati Ihefu yenyewe imefurika, na hujazwa pia na Ruaha Mdogo unaotoka Iringa na Mto Kisigo. Vijito vinavyopotelea miferejini mwezi Oktoba ni vidogo mno kulijaza au kulikausha bwawa la ukubwa ule. Utafiti uliochapishwa 2003 kuhusu Mtera na Kidatu ulirudi kwenye upungufu wa miaka ya mwanzo ya 1990, nao ulinyooshea kidole namna mabwawa yalivyoendeshwa kuliko mashamba yaliyo juu yake. Miaka zaidi ya 20 imepita, na hotuba hazijabadilika.

Ushahidi wa pili ni kalenda tu. Mwaka 2006 mgawo wa umeme uliitikisa nchi. Mwaka huohuo wafugaji walianza kuondolewa Usangu na Ihefu, ng'ombe wakaswagwa hadi Lindi na Pwani. Mwaka 2008 bonde likaingizwa ndani ya Hifadhi ya Ruaha kwa Tangazo la Serikali Namba 28. Je, umeme ulitulia? Mwaka 2011 mgawo ukarudi. Oktoba 2015 mitambo ya maji ilizimwa kwa ukame. Mwishoni mwa 2022 na tena 2023 ratiba za kukatiwa zikatoka upya. Ng'ombe walishaondoka, basi lawama zikahamia kwenye mpunga. Kumbukeni pia kwamba mgawo ule wa 2006 ndio uliotuletea mkataba wa dharura wa Richmond, na kashfa yake ndiyo iliyomwondoa Waziri Mkuu Edward Lowassa Februari 2008. Hakuna mkulima wa Madibira aliyeusaini mkataba ule.

Leo tunaambiwa Bwawa la Julius Nyerere limemaliza kesi. Mitambo tisa, megawati 2,115. Najivunia bwawa lile. Lakini tazameni: Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza kwamba mikoa ya kaskazini itanunua umeme kutoka Ethiopia kupitia Kenya, kwa sababu umeme wetu hupotea mwingi njiani ukisafirishwa kutoka kusini. Nchi yenye ziada inanunua kwa jirani. Huo si uhaba wa maji. Ni uhaba wa nyaya, vituo vya kupozea umeme na mipango. Tena tumeweka mayai mengi kwenye kapu moja: bonde moja la Rufiji sasa limebeba Mtera, Kidatu, Kihansi na Nyerere. Ukame mmoja mkubwa wa miaka miwili utalikuta taifa zima limesimama kwa mguu mmoja.

Kwa hiyo, Sera ya Taifa ya Nishati ya 2015 ifanyiwe marekebisho, na mimi ningeanza na mambo matatu.

La kwanza, vipimo vya maji vitoke hadharani. Kina cha Mtera, maji yaliyoingia, yaliyopita kwenye mitambo na yaliyomwagwa, kila wiki, mahali ambapo mwenyekiti wa kijiji anaweza kusoma. Anayemshtaki mtu sharti aonyeshe mizani.

La pili, kila uniti ya umeme wa maji iache senti kwenye chanzo chake. Fedha hiyo ichimbe visima na kuvuta mabomba vijijini, ili mifereji ifungwe kiangazi bila kumfunga mtu koo. Tutaupa mto maji yake, na hatutahitaji askari wa kutufunza uhifadhi.

La tatu, tutawanye vyanzo. Jirani zetu wa Mufindi wanao mradi mdogo wa maji wa Mwenga, megawati 4, na pembeni yake mitambo mitatu ya upepo ya megawati 2.4. Ni midogo, ndiyo. Lakini ipo karibu na watu, na upepo wa Mufindi hausubiri mvua. Jua la Usangu nalo huwaka zaidi kipindi kilekile mto unapokauka. Hapo ndipo pa kuanzia.

Wapo watakaosema haya ni ya kitaalamu, tuyaache kwa wataalamu. Ningekubali kama makosa ya hesabu yangeishia kwenye karatasi. Katika Mbarali yameishia kwenye nyumba za watu. Vijiji vimeishi miaka vikisubiri kuambiwa vihame, kwa jina la mto na la umeme. Benki ya Dunia ilisitisha kutoa fedha za mradi wa REGROW Aprili 2024, na Novemba ukafutwa, baada ya wanavijiji kulalamika. Haki ilisikika kwanza Washington. Ningetaka safari ijayo isikike Dodoma, kabla ya tangazo, na mezani pakiwa na vipimo vya Mtera.