Ujumbe si Malipo



Juma hili tunajibu swali la dada yetu wa Kakamega, anayetaka kuuza cherehani yake mtandaoni ili atimize ada ya shule ya wanawe. Ameweka picha na bei, na siku hiyo hiyo akapokea barua pepe ya mnunuzi asemaye yuko ng'ambo, aliyekubali bei yote pasi na kuuliza lolote. Auliza: je, amwamini?

Jibu letu ni fupi: asimwamini. Lakini sababu zake zafaa kuelezwa kwa urefu, maana swali hili ni la wengi. Tangu enzi za Nabongo Mumia, misafara ya Waswahili ilipofika Mumias na Uislamu ukatia mizizi huko, biashara baina ya Pwani na Magharibi haijakatika. Leo mabuibui na madera ya Mombasa hupakiwa kwenye basi yakafika Kakamega, na bei zake hupatanwa kwa simu. Mlango huo uliowafungulia kina mama riziki ndio huo huo apitiao tapeli.

Tutazame namna hila yenyewe inavyofumwa. Mnunuzi wa kweli wa cherehani iliyokwisha kutumika huuliza ina miaka mingapi. Hutaka kuikanyaga mwenyewe asikie mlio wake, kisha huomba apunguziwe. Tapeli hahangaiki na hayo, kwa sababu haitaki cherehani. Husema yuko safarini, au kazini melini, na kwamba atamtuma msafirishaji aje kuichukua. Baada ya muda huja barua ya pili, yenye nembo ya benki au ya PayPal, ikieleza kuwa fedha zimekwisha kulipwa, tena zimezidi bei, ila zimezuiliwa mpaka muuzaji amtumie msafirishaji ile ziada kwa M-Pesa. Fedha za muuzaji ni za kweli, nazo huondoka. Za mnunuzi hazikuwapo asilani.

Hila hiyo ina pacha wake katika simu. Muuzaji huletewa ujumbe mfupi ulioandikwa kwa mfano wa ule wa M-Pesa, kisha mara hupigiwa simu: "Mama, nimekosea, nimetuma zaidi, nirudishie tafadhali, mgonjwa wangu yuko hospitalini."

Watu husema kuwa wanaotapeliwa ni wenye tamaa. Sivyo. Mara nyingi tapeli humshika mtu kwa tabia zake njema. Binti aliyelelewa vyema huona haya kumwambia mgeni, "Sikuamini." Huogopa kushikilia kisicho chake hata kwa saa moja. Akisikia mgonjwa, moyo wake hulainika. Tapeli ayajua haya yote, na juu yake huongeza haraka, ili asipate nafasi ya kumuuliza mumewe, mamake au jirani. Basi na ijulikane: kuhakikisha si utovu wa adabu. Katika Surat Al-Hujurat tumeamrishwa tuichunguze habari aliyoileta fasiki kabla ya kuifanyia kazi. Na ile aya ndefu ya Surat Al-Baqara, inayotutaka tuandike madeni na kuweka mashahidi, imeturuhusu tusiandike pale biashara inapokuwa ya papo kwa papo, mkono kwa mkono. Huko mbali, ambako mtu hamuoni mwenzake, ndiko kunakohitaji hadhari zaidi.

Kwa hivyo, dada muuzaji, shika mambo haya.

Kwanza, malipo ni yale uliyoyaona katika akaunti yako, kwa mlango wako mwenyewe. Usiufuate mlango aliokuletea mnunuzi ndani ya barua. Fungua M-Pesa yako utazame salio, au ipigie benki kwa nambari uliyokuwa nayo tangu zamani.

Pili, soma anwani ya barua pepe, si jina tu. Jina huandikwa lolote atakalo mtumaji. Tazama yale yanayofuata alama ya @. Benki haiwaandikii wateja wake kwa anwani ya bure ya mtu binafsi.

Tatu, anayenunua halipwi na muuzaji. Mnunuzi akikutaka utoe fedha ndipo upate fedha, iwe ni nauli, ushuru au ziada, biashara hiyo imekwisha. Huna deni la kumjibu tena.

Nne, usimpe mtu nambari ya siri, wala tarakimu zinazoletwa na simu yako, wala picha ya kitambulisho chako.

Tano, mkutane mchana, mahali penye watu, nawe uwe na mwenzako. Bidhaa isitoke mkononi kabla ya fedha kuonekana.

Na ikiwa kweli mtu amekosea akakutumia fedha zisizo zako? Hiyo ni amana, nawe huna ruhusa ya kuzila. Lakini usizirudishe kwa mkono wako. Mwambie autume ujumbe wake wa M-Pesa kwa nambari 456, Safaricom wazirejeshe wenyewe. Mkweli atashukuru, mwongo atakasirika.

Aliyekwisha kutapeliwa naye afanye upesi. Autume ujumbe wa malipo kwa 456 kabla fedha hazijatolewa, na nambari ya tapeli aipeleke 333. Asifute barua wala ujumbe wowote, kwa kuwa hizo ndizo hoja zake polisi. Sheria ya mwaka 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandao imeweka kwa ulaghai wa namna hii faini isiyozidi shilingi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili.

Neno la mwisho ni kwa jamaa wa nyumbani. Mama aliyepoteza mtaji wake, pengine na fedha za chama, akija kueleza, msimkaripie. Akikaripiwa leo, kesho atanyamaza, na kimya chake kitampa tapeli nyumba ya pili na ya tatu. Msikilizeni, mwendeni naye kituoni, kisha wambieni majirani. Wahenga walisema tahadhari kabla ya athari, na tahadhari ya mmoja ikisemwa huwa ni kinga ya mtaa mzima.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, na azikinge nyumba zetu na kila mwenye hila. Amin.

Wabillahi tawfiq.