CHUO SI SOKO TU

Ukiuliza chuo kikuu chafaa nini katika mji, wengi hujibu upesi: huleta fedha. Jawabu hilo si uongo. Chuo cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo moja la Mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Na leo pande zile wako wengi wapatao riziki kwa ajili ya wanafunzi.

Kwetu Usambara miji ni midogo, lakini hesabu ni ile ile. Lushoto pana Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1998. Huko Magamba nako kilianzishwa chuo mwaka 2007, kikaitwa kwa jina la Askofu Sebastian Kolowa, kikajulikana kwa kufundisha walimu wa watoto wenye ulemavu. Wanafunzi wakija, mwenye nyumba hupata kodi, muuza viazi hupata mnunuzi, na fundi cherehani hupata kazi. Wakifunga, soko hupoa. Faida ya namna hiyo ni kama mvua: ni njema, lakini huondoka na wingu lake.

Je, iko faida isiyoondoka? Tutazame Amani, Usambara ya mashariki. Wajerumani waliweka kituo cha elimu ya mimea pale mwaka 1902, na Waingereza wakakiendeleza baadaye. Katika miaka ya 1930 wataalamu wake walianza kutafuta muhogo uwezao kustahimili batobato. Baada ya vita ya pili kazi ya kilimo ilihamishiwa Muguga, Kenya, na mishahara ikaenda nayo. Lakini muhogo haukuhama. Uzao wake ulifika hata Nigeria, ukawa asili ya aina nyingi zilimwazo huko. Basi kilichobaki ni kile kilichotoka chuoni kikaingia katika mikono ya watu.

Hapo ndipo penye haya yetu sisi makarani. Mtu aliyekaa Lushoto miaka kumi akipokea kodi ya wanafunzi, wala hajauliza hata siku moja wanafundishwa nini, amekula ganda akaacha tunda. Na wako wengine wapandishao kodi kila muhula, kana kwamba mwanafunzi ni mgeni wa kuchunwa. Huyo kesho huenda akawa hakimu wetu, au mwalimu wa mtoto wetu.

Shauri letu ni hili. Halmashauri ya Chama iwaandikie wakuu wa vyuo vya karibu, iwaombe kwa heshima mafundisho ya jioni, hata mara moja kwa mwezi, juu ya sheria za ardhi, mirathi na malezi ya watoto wenye ulemavu, kwa lugha ielewekayo na mkulima. Nasi tuhudhurie, tusiwaachie viti vitupu. Wakikataa, tutakuwa na neno la kulalamikia. Lakini tusipoomba, lawama ni yetu wenyewe.