VPN ya bure isitufumbe macho mipakani

Mfanyabiashara anayelala gesti Namanga, Busia au Rusumo akisubiri mzigo wake utoke forodhani hutumia Wi-Fi ya hapo hapo. Humo hupitisha ankara, nakala ya pasipoti na nywila ya akaunti yake. Siku hizi wengi huwasha VPN na kujiona salama, lakini si kila VPN inastahili imani hiyo.

Kinachomlinda mtumiaji ni itifaki iliyo ndani ya programu, si jina lake. Neno itifaki wasomaji wetu wanalijua tangu Soko la Pamoja lianze mwaka 2010: ni makubaliano ya namna ya kutendeana. Huku nako ni vivyo hivyo. Simu na seva huthibitishana kwanza, kisha hukubaliana ufunguo wa siri ambao wenyewe haupiti hewani. Baada ya hapo kila kifurushi cha taarifa hufungwa kwa msimbo na kupigwa lakiri, mithili ya lori la transiti. Kikichezewa njiani, upande wa pili unakikataa. Mdukuzi aliye kwenye Wi-Fi hiyo hiyo ataambulia herufi zisizosomeka.

IPsec, OpenVPN na WireGuard zinaifanya kazi hiyo vizuri. PPTP haiwezi. Ni ya miaka ya 1990, na mwaka 2012 watafiti walionyesha kuwa msimbo wake unavunjwa ndani ya siku moja. Apple iliiondoa kwenye simu zake mwaka 2016. Fungua mipangilio ya programu yako uangalie. Kama haisemi inatumia itifaki gani, ifute.

Tena ulinzi huo unaishia kwenye seva. Mwenye seva anaona tovuti unazotembelea, na huyo anayekupa huduma bure naye ana gharama za kulipa.

Upande wa serikali, hali haieleweki. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliwataka wanaohitaji VPN kwa kazi zao watoe taarifa kwake. Je, Mkenya au Mganda anayevuka na simu yake kwa siku mbili anahusika? Tunaitaka Jumuiya ya Afrika Mashariki iwakutanishe wasimamizi wa mawasiliano wa nchi wanachama, wakubaliane kanuni moja, na ibandikwe kwa Kiswahili katika kila kituo cha pamoja cha mpakani.