BARAZA LA MWALIMU: Maji Ndani ya Breki



Vijana wetu kadhaa hapa Uingereza hujipatia riziki kwa kupeleka vyakula kwa pikipiki, usiku na mvuani. Mwezi huu naomba tuzungumze, wao na wazazi wao, juu ya mafuta ya breki.

Mafuta haya hufyonza unyevu wa hewa kidogo kidogo. Yale ya DOT 4, yakiwa mapya, hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakiingiwa na maji yapatayo asilimia 4, kiwango hicho hushuka hadi 155. Breki zikibanwa mfululizo mteremkoni hupata joto kali, maji yakageuka mvuke, na mvuke hubonyea. Hapo mkono wa breki huzama na pikipiki isisimame, ingawa asubuhi ilisimama vizuri. Basi msingoje dalili: yabadilisheni kila miaka 2, au kama kitabu cha pikipiki kielekezavyo.

Ajitengenezeaye mwenyewe atumie chupa isiyopata kufunguliwa, ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo cha mafuta. DOT 5 ni ya silikoni. Haichanganywi na DOT 4. Wakati wa kutoa upepo, bana mkono wa breki, ushikilie, fungua nipeli, ifunge, ndipo uachie. Ukiachia kabla ya kufunga, hewa hurudi ndani. Kikopo nacho kisiachwe kikauke.

Ikiwa paipu imefunguliwa, ziba ncha zake mara moja, usije ukaingiza vumbi na unyevu, wala usiguse mkono wa breki. Unapoirudisha, weka washa mpya za shaba, kaza bolti kwa kipimo, kisha toa upepo. Bana mkono kwa nguvu na uchunguze kama panavuja. Mkono ukiwa bado laini kama sponji, usiiendeshe, mwite fundi. Mafuta yakidondokea rangi, yaoshe kwa maji upesi, kwani huibabua. Na yaliyotumika yasimwagwe mtaroni.

Nanyi wazazi, mwana arudipo kazini tusimwulize tu amepata kiasi gani. Tumwulize pia mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Akisita kujibu, pikipiki na ilale nyumbani usiku huo.

Hadi mwezi ujao, wasalaam.